Serengeti au Nyerere? Ukiwa na Siku Chache na Mfuko Mmoja

Shule zikikaribia kufungwa, simu huanza. Binamu yangu wa Mbagala ndiye wa kwanza kila mwaka: "Kaka, mwaka huu tunakwenda kuona wanyama. Serengeti au kule Selous?" Namwambia siku hizi kunaitwa Nyerere. Ananijibu kuwa ni kulekule, nijibu swali.

Simjibu mara moja, kwa sababu hifadhi hizi mbili hazishindani kwa kitu kimoja. Mtu akirudi Serengeti anakusimulia alichokiona. Akirudi Nyerere anakusimulia alivyokwenda: boti, tope, viboko waliofanya dereva wa boti azime injini. Kwa hiyo kabla ya kuchagua namtaka mtu anijibu kwanza mambo matano. Unatokea wapi? Una gari au utakodi, na mko wangapi wa kuchangia? Unataka kuona nini, na uko tayari kukitafuta kwa muda gani? Unakwenda mwezi gani? Na unakwenda na nani? Nitazipima zote mbili kwa mizani hiyohiyo.

Kwa kifupi kuhusu zenyewe. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na mwaka 1981 ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jina limetoka kwa Wamaasai, likimaanisha nchi inayoendelea tu bila kikomo, na ukisimama kwenye kilima cha Naabi, penye lango la kuingilia, utakubali kwamba hawakutia chumvi. Nyerere ni changa kwa jina. Ilitangazwa mwaka 2019 kwa kumegwa sehemu ya kaskazini ya Pori la Akiba la Selous. Ina kilomita za mraba 30,893, zaidi ya mara mbili ya Serengeti, na hakuna hifadhi ya taifa nchini inayoifikia. Selous mwenyewe, yule mwindaji wa Kiingereza ambaye pori lilipewa jina lake, aliuawa Beho Beho Januari 1917 katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na kaburi lake liko hukohuko porini. Ila ukubwa huo usikuzuzue. Mgeni wa siku tatu atazunguka kipande kidogo tu, hasa maziwa ya upande wa lango la Mtemere, kaskazini ya Mto Rufiji.

Unatokea wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanalinganisha hifadhi na kusahau barabara.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, Nyerere iko jirani. Unapita Mbagala, Mkuranga, hadi Kibiti kwa lami, halafu unaiacha barabara ya Lindi na kushika ya vumbi kwenda Mloka, kijiji kilicho karibu na lango la Mtemere. Ukiondoka alfajiri na barabara ikiwa kavu, chakula cha mchana unakula Mloka. Njia ya pili ni ya Morogoro: kupanda na kushuka kandokando ya Milima ya Uluguru, Matombo, Mvuha, Kisaki, hadi lango la Matambwe. Ni ndefu na inachosha, ila kwa macho ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Reli ya TAZARA nayo inasimama Kisaki, na kuna watu huifanya safari ya treni kuwa nusu ya matembezi. Wa Songea wana lango lao la Likuyu Sekamaganga, upande wa Namtumbo, lakini huko ni mbali na maziwa na boti ninazozieleza hapa.

Kwa mtu huyohuyo wa Dar, Serengeti ni safari ya siku mbili kwenda na mbili kurudi. Kuna zaidi ya kilomita 600 hadi Arusha, unalala, kesho yake unashika Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, unapanda Ngorongoro kwenye ukungu, kisha unateremka kwenye vumbi hadi Naabi. Kipande hicho cha mwisho kinatikisa mbavu. Shangazi yangu alikipita akiwa amekumbatia mto wa kulalia, akamuuliza dereva, "Mwanangu, hii barabara nayo ni ya watalii?" Dereva akamjibu, "Hii, mama, ndiyo ya watalii wenyewe."

Sasa mgeuze huyo mtu awe wa Mwanza. Lango la Ndabaka liko kando kabisa ya barabara kuu ya kwenda Musoma, mwendo wa kama saa mbili. Hapo Serengeti ni ya kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili, na Nyerere ndiyo inakuwa hadithi ya mbali. Wa Musoma, Bunda na Mugumu vivyo hivyo. Msomaji wa Kenya aliyezoea Maasai Mara asidhani atavuka tu upande wa pili kwa gari. Kituo cha mpakani cha Bologonja kimefungwa kwa watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, kwa hiyo ni kuzunguka kwa vituo vya mpakani vya Sirari au Namanga.

Kwa mwenye kupanda ndege mizani inabadilika kidogo. Kutoka Dar, ndege ndogo hufika Nyerere kabla ya saa moja kupita, na wapo wanaotoka Zanzibar asubuhi na kurudi jioni. Serengeti nayo ina viwanja vyake, Seronera kikiwa katikati, ila ni mbali zaidi na nauli inapanda.

Gari na pesa

Kwa raia wa Afrika Mashariki ada ya kuingia si tatizo, hata kama watu wanaiogopa. Tunalipa kwa shilingi, kiasi ambacho hakikaribii makumi ya dola wanayolipa wageni. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, la sivyo hukumu ya langoni itakushangaza. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, si noti mkononi, basi fanya mambo hayo mkiwa bado mna mtandao. Kama una mchumba au rafiki wa nje, mpigie hesabu yake ya dola pembeni. Nimeona sherehe zikiharibika langoni.

Kinachomaliza pesa ni gari. Serengeti inahitaji siku nyingi za gari, na kama ni la kukodi Arusha, lile refu lenye paa la kufunguka, unalilipia kila siku pamoja na dereva na mafuta. Ukipitia Ngorongoro kuna ada ya eneo hilo pia, kwenda na kurudi, hata kama hushuki kreta. Wanaotumia Ndabaka wanaikwepa. Mkiwa sita au saba mnaochangia, inabebeka kabisa. Mkiwa wawili, ni pesa ya kununulia kiwanja Chanika, pembezoni mwa Dar.

Nyerere siku za gari ni chache, lakini kuna vitu vya kulipia pembeni: boti, na askari mwenye silaha kwa wanaotaka kutembea kwa miguu. Ukienda na gari lako lenye nguvu ya magurudumu yote manne unaokoa sana. Gari dogo la mjini liache nyumbani kwa hifadhi zote mbili. Serengeti wakati wa kiangazi nimeona watu wanaingia na magari ya ajabu, lakini nimewaona pia wakisukuma.

Malazi yanafanana kuliko watu wanavyodhani. Seronera kuna kambi za umma ambako unapiga hema lako mwenyewe bila uzio wowote, na usiku fisi anapita kukagua masufuria. Nje ya hifadhi kuna nyumba za wageni Karatu, Bunda, Lamadi na Mugumu. Nyerere, kambi za bei ya kuvumilika zimejipanga Mloka, nje ya lango, baadhi zikitazama mto. Ndani ya hifadhi zote mbili kuna hoteli za kifahari ambazo bei zake zinaandikwa kwa dola, na sina la kuwashauri kuhusu hizo.

Unataka kuona nini, na kwa namna gani?

Serengeti ni mahali pa kuona mbali. Nyasi fupi, anga, na vilima vya mawe vinavyojitokeza kama visiwa, juu yake simba wamelala kama nguo zilizoanikwa. Kwa sababu ya uwazi huo, hata mtu asiyejua kutafuta wanyama anawaona. Duma yupo, tena ndiko kwao. Chui wa bonde la Seronera wanajulikana kwa kulala kwenye matawi ya migunga na miegea. Faru weusi wapo kwa ulinzi maalumu, na upande wa Moru ukibahatika unawaona kwa mbali. Nyumbu ni zaidi ya milioni moja, wakifuatana na pundamilia na swala tomi kwa malaki.

Upungufu wake ni magari. Simba mmoja akiua, redio zinaitana, na baada ya dakika chache mnakuwa magari ishirini, injini zinanguruma na simu zimenyooshwa juu. Maeneo ya kutembea kwa miguu yapo, lakini ni machache. Mgeni wa kawaida anakaa ndani ya gari kuanzia asubuhi hadi jioni, akishuka mahali pa kulia tu.

Nyerere ni mahali pa kuviziana. Kuna miombo, vichaka, mikoma, na maziwa yaliyoachwa na Rufiji ulipobadili njia: Manze, Nzerakera, Siwandu, Tagalala. Unaweza kuendesha saa mbili ukaona swala pala na ngiri tu, ukaanza kujuta. Halafu mnakunja kona ya ziwa na mnawakuta twiga thelathini wamesimama kama wanasubiri basi. Jambo ambalo waongoza watalii hupenda kulisema, nami naliona la ajabu mpaka leo: twiga hao wako kaskazini ya Rufiji tu. Ukivuka mto kwenda kusini huwakuti.

Boti ndiyo sababu ya kwenda. Kwenye maji huna vumbi wala kelele ya gari iliyo mbele yenu. Mamba wamejilaza mchangani mdomo wazi, wengine warefu kuliko boti yenu. Viboko wanazama na kuibuka, na dereva anayejua kazi anawapitia mbali. Juu ya mivumo iliyokufa, ile iliyobaki nguzo tupu majini, furukombe anakaa akilia. Jioni tembo wanakuja kunywa. Hapa nawe uwe na subira nao. Mfumo huu wa Selous ulikuwa na tembo zaidi ya laki moja katikati ya miaka ya 1970, na ujangili ukawashusha hadi kama 13,000 katika hesabu ya mwaka 2013. Wale niliowaona mimi hawakupenda gari. Walitugeuzia masikio, wakaingia kichakani.

Halafu kuna mbwa mwitu. Nyerere na Selous zina mojawapo ya jamii kubwa za mbwa mwitu zilizobaki Afrika. Serengeti walitoweka hifadhini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaanza kurudishwa mwaka 2012. Hakuna anayeweza kukuahidi utawaona, lakini kama ndio unaowataka, kusini ndiko kwa kubahatisha. Duma, kinyume chake, usimtafute Nyerere. Na yeyote anayekuuzia bonde la Stiegler, lile korongo la Mto Rufiji, kama lilivyokuwa kwenye picha za zamani anakuuzia kitu kilichobadilika. Hapo sasa pana bwawa la umeme la Julius Nyerere la megawati 2,115, na maji yalianza kujazwa Desemba 2022.

Mwezi gani?

Kwa Serengeti kuna kosa moja linalojirudia, nami nimelishuhudia ndani ya familia. Shemeji yangu alimlipa dalali mmoja wa safari, ambaye hatuna haja ya kumtaja, akamwahidi "nyumbu wakivuka mto" mwezi Agosti. Akapelekwa Seronera siku mbili. Aliona chui, aliona simba, mto hakuuona. Wavukao Mto Mara wako Kogatende, kaskazini kabisa, takribani kati ya Julai na Oktoba, na Kogatende si mahali pa kwenda na kurudi kwa raha siku hiyohiyo ukitokea Seronera.

Nyumbu hawafuati kalenda, wanafuata mvua na majani mapya. Kwa kawaida Januari hadi Machi wako kusini, tambarare za Ndutu, na Februari ndipo wanapozaa kwa wingi. Ndama anasimama na kukimbia ndani ya dakika chache, na fisi wanalijua hilo. Mei na Juni wanaelekea magharibi, upande wa Grumeti. Kisha kaskazini. Novemba na Desemba wanarudi kusini. Seronera haikauki wanyama mwaka mzima hata nyumbu wakiwa hawapo, na kwa mtu wa mara ya kwanza hilo linatosha.

Hivyo likizo ya Juni ya shule zetu inaangukia vizuri kwa wanaoingilia Ndabaka: kundi mara nyingi liko upande wenu wa magharibi. Tahadhari yake ni udongo mweusi wa ukanda huo. Mvua ikichelewa kukoma, mtanasa.

Nyerere ina msimu mkali zaidi. Masika inapopiga, Machi hadi Mei, barabara za ndani zinageuka uji, kambi nyingi hufunga, na mtu mwenye akili hatoki Kibiti. Juni barabara zinaanza kukauka, mazingira bado ya kijani, joto limepungua. Kuanzia Agosti hadi Oktoba maji ya porini yanakauka na wanyama wote wanasogea kwenye maziwa, na hapo ndipo hata asiye na bahati anaona simba. Desemba ni joto la kukulazimisha kukaa kivulini toka saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, na mvua zinaweza kuanza. Ndege ni wengi, majani ni marefu, wanyama wanajificha. Kwa likizo ya Desemba, ningeegemea Serengeti.

Unakwenda na nani?

Watoto wadogo wanachoka na gari kabla hawajachoka na wanyama. Kwa sababu hiyo boti ya Nyerere huwaokoa wazazi, ingawa lazima mtoto awe wa kukaa kitako akiambiwa. Safari ya miguu kambi nyingi hazimpokei mtoto mdogo, na mimi nakubaliana nao. Lakini mtoto anayetaka simba, tena sasa hivi, mpeleke Serengeti. Nyerere inadai subira ambayo hata mimi niliipata nikiwa na miaka thelathini.

Wazee ni habari nyingine. Seronera iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya koti. Ukingo wa Ngorongoro ni zaidi ya hapo. Hewa ni kavu na wengi wanalala vizuri. Mateso yao ni barabara. Nyerere iko chini, kuna joto na unyevu, na mbu ni wengi, basi dawa za malaria na chandarua si jambo la kujadili. Kupanda boti nako kunahitaji magoti: mara nyingi ni kushuka ukingo wa udongo na kurukia ubao. Mama yangu alishikwa mikono na vijana wawili, akapanda, kisha akakataa kushuka.

Mbung'o wako kote kwenye miti, na Nyerere wamenizidia. Usivae bluu wala nyeusi. Mitego yao yenyewe inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Kwa hiyo?

Uko Dar, una siku tatu, gari lako lina nguvu, ni Juni hadi Oktoba: Nyerere, wala usijisumbue kutamani kaskazini. Ukiwa na siku hizohizo tatu na uko Mwanza au Musoma, ni Serengeti kwa Ndabaka.

Kama hujawahi kuona hifadhi yoyote na unadhani utaenda mara moja tu maishani, mko kundi la kuchangia gari na mna siku sita au saba, Serengeti inastahili barabara yake, na njiani mnaiona Ngorongoro. Kama umeshaenda Serengeti, au Mikumi, na kilichokuudhi ni msururu wa magari, kusini ndiko utakakopumua. Mpenda picha wa duma na nyanda aende kaskazini. Wa ndege, mamba na machweo majini aende Rufiji. Fungate? Nimeulizwa hilo mara mbili, na mara zote mbili nilisema Nyerere, hasa kwa wanaomalizia Zanzibar, kwa sababu hawatamaliza siku nzima ya fungate ndani ya gari.

Aprili na Mei, kama hakuna namna nyingine, Serengeti ya katikati bado inawezekana kwa gari imara na moyo mgumu. Nyerere, subirini.

Mkishachagua Nyerere, kuna simu moja ya kupiga kwenye kambi mnayokwenda, siku moja kabla ya kuondoka. Usiulize kama barabara ya Kibiti hadi Mloka inapitika, maana utaambiwa inapitika tu. Uliza gari la mwisho kuingia lilikuwa la aina gani, na lilifika saa ngapi.